Kisu Namba 212

Ijumaa ile Fundi alivunjwa mkono wa kulia, na aliyemvunja ni mtu niliyekuwa nakula naye meza moja kantini. Naanza hapo, maana nikianza na mazuri nitaonekana najisafisha.

Nilikuwa koplo, mtunza stoo ya vielelezo. Kila kitu polisi wanachokamata, panga lenye damu, baiskeli ya wizi, redio isiyo na mwenyewe, kinapita dirishani kwangu. Nakifunga kadi yenye namba, naandika kwenye rejista saa kilipoingia, mwenye mali na kesi yake. Kikishaandikwa, hakuna mkono unaokigusa bila saini yangu. Hasira zangu ziko karibu, hilo silifichi, na nadhani ndiyo sababu walinifungia humo na makabati, kwa kuwa kabati halina cha kumjibu mtu.

Watu wa manispaa wakitaka kuwafukuza wanaolala chini ya daraja, huandika kwanza barua kituoni kutoa taarifa. Barua ilikuwa inafika Alhamisi na kupita mezani kwangu kabla ya kwenda kwa mkuu. Ijumaa saa mbili asubuhi mgambo wanashuka kwenye lori na marungu, na chochote wanachokikuta wanakitia moto: blanketi, sufuria, kadi za kliniki, magongo ya kutembelea. Nilimwona kwa macho yangu mwanamke akiingia kwenye moto kutafuta dawa zake. Alitoka hana nyusi, na chupa ya plastiki imeyeyuka ikagandana na kiganja chake. Siku hiyo nilirudi stoo nikalipiga kabati teke, nikachechemea wiki nzima.

Barua nyingine ilipokuja, niliwapelekea watu wa darajani habari mapema: leteni mizigo yenu kwangu. Nikaifunga kadi kama vielelezo na kuipanga rafu ya chini. Safu ya kesi hairuhusiwi kuachwa wazi, kwa hiyo nikaandika kile tunachoandika polisi tukikosa la kusema: Uchunguzi unaendelea. Jioni wakaja kuchukua vitu vyao. Ulikuwa uongo mtupu, tena uongo wa kumwaga unga, na niliuendeleza mwaka mzima bila kupepesa macho.

Fundi alikuwa mshona viatu, mzee wa rika la baba yangu, aliyehamia darajani baada ya chumba chake kubomolewa. Aliniita mwanangu hata mbele ya wakubwa zangu, na hakuacha kunitania kwamba viatu vyangu vimefungua midomo vinaomba chakula. Mzigo wake ulikuwa sindano, gundi, kipande cha tairi na kisu cha kukatia ngozi, chenye mpini uliozungushiwa mpira mwekundu. Kisu hicho mtaa mzima ulikijua. Ndicho kilichokuwa kinamlisha.

Ijumaa ile aliuleta saa moja na dakika kumi. Kisu nilikiandika peke yake kwa sababu ni silaha: namba 212. Nikamwomba asirudi darajani. Akasema Bibi jirani yake miguu haina nguvu, na hawezi kumwacha mzee mwenzake mikononi mwa mgambo. Akaondoka mikono mitupu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Bibi mwenyewe. Mgambo walifika wakaanza kukata maturubai kwa mapanga, watu wakiwa bado ndani. Walimburuta Bibi kwa miguu juu ya kokoto mpaka ngozi ya mgongo ikachubuka. Fundi akajitupa juu yake, akawa anapokea yeye marungu, kwenye mbavu, shingoni, kichwani. Katika fujo hiyo panga la mgambo mmoja liliteleza kwenye kamba ya turubai, likampata mwenzake mkononi, likamchana kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo. Damu ikaruka. Aliyekata akaona balaa alilolifanya, akapiga kelele kwamba yule mzee ana kisu. Aliyekatwa naye hakumkanusha.

Wakamleta Fundi kituoni wakimvuta kwa ukosi, jicho moja limeziba. Yule mgambo aliyemkata mwenzake akatoa maelezo mbele ya kaunta, na ili aaminiwe akamwaga na yasiyoulizwa: kilikuwa kile kisu chake cha ngozi, chenye mpira mwekundu kwenye mpini, amekitupa mtaroni. Sajini wa upelelezi akachukua rungu lake na kumwingiza Fundi chumba cha mahojiano. Alitaka kujua jambo moja tu, kisu kiko wapi.

Kisu kilikuwa rafu ya chini, milango mitatu kutoka pale.

Nilisikia kila kitu. Kuta zetu ni nyembamba. Nilisikia swali, kisha rungu likitua kwenye nyama, kisha mzee akihema kama mtu aliyebeba gunia. Swali tena. Alikuwa anajibu neno moja tu, sijui, na mimi nikawa naomba moyoni aseme, ataje, anitaje mimi yaishe. Hakutaja.

Nikaenda, nikafungua mlango bila kubisha. Fundi alikuwa amepigishwa magoti mbele ya meza, mkono wake wa kulia umelazwa juu ya ubao wa meza, sajini ameinua mguu akaukanyaga kwa buti. Meno mawili yalikuwa sakafuni kwenye damu. Mzee akainua lile jicho lake moja akaniona, akaona naja kusema nini.

"Mwanangu," akasema, "rudi kazini kwako. Una mtoto anasoma."

Na mimi nikarudi.

Hilo ndilo ninalotaka lijulikane. Nilirudi stoo, nikakaa kwenye kiti, nikaikumbatia rejista. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na mimi ndiye baba yake na mama yake. Nikifukuzwa, anarudi nyumbani. Nilijiambia sajini atachoka. Nilijiambia mkuu ataingia. Saa ya ukutani ilikwenda dakika kumi, kisha nikasikia mfupa. Unavunjika kwa sauti ndogo, isiyolingana kabisa na kilio kinachoufuata.

Sikumbuki korido. Nakumbuka nimeshika rejista kwa mikono miwili, nene, yenye jalada gumu na pembe za bati, na nakumbuka uso wa sajini ukigeuka kuniangalia. Nilimpiga nayo puani. Akayumba, akaangukia kiti, nikampiga tena bega la mkono wenye rungu mpaka rungu likamtoka. Damu yake ikachuruzika kwenye shati, nami nikawa namtukana kwa matusi ambayo marehemu mama yangu asingeamini nayajua. Makonstebo wanne walinitoa pale, na mmoja wao nilimng'ata.

Mkuu wa kituo alikuja kwa kelele hizo. Kabla hajafungua mdomo nikamwomba amwite yule mgambo arudie maelezo yake kuhusu kisu. Mgambo akarudia bila kusita, ngozi, mpini, mpira mwekundu. Nikaenda stoo, nikaleta kisu kikiwa na kadi yake, nikakiweka mezani. Nikafungua rejista palipokuwa na damu ya sajini: namba 212, saa moja na dakika kumi asubuhi, alama ya dole gumba la Fundi pembeni. Lori la mgambo lilifika darajani saa mbili.

Mgambo akakitazama kisu. Hakuchukua hata dakika, akakiri kwamba panga lililomkata mwenzake lilikuwa lake.

Mkuu hakumwangalia. Alikuwa anafunua rejista kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa. Blanketi, uchunguzi unaendelea. Sufuria mbili, uchunguzi unaendelea. Gongo la kutembelea, picha ya harusi, godoro la mtoto. Alifika mwanzo wa mwaka akafunga jalada polepole.

"Wewe ulikuwa na kisu hiki muda wote mzee anapigwa?"

Nikajibu ndiyo, afande. Nilitamani anipige.

Fundi aliachiwa siku hiyo hiyo, akapelekwa hospitali. Mgambo wawili walifunguliwa mashtaka. Sajini alihamishwa kituo, na pua yake haitanyooka tena, jambo ambalo silijutii hata nikiwa kwenye sala. Mimi nilivuliwa ukoplo nikapelekwa kuongoza magari kwenye mzunguko. Binti yangu bado anasoma. Mkono wa Fundi haukurudi. Vidole vitatu havikunjiki, na kisu cha ngozi kinataka vidole vyote.

Asubuhi ya kukabidhi stoo ilikuwa Ijumaa, na barua ya manispaa ilikuwa imefika jana yake kama kawaida, nami nikawatumia habari watu wa darajani. Aliyekuja kunipokea ni konstebo tuliyempachika jina la Kanuni, kijana anayenyoosha hata kamba za viatu kwa pasi. Alihesabu kila kielelezo mara mbili. Nilijua kazi ya rafu ya chini imekwisha.

Saa moja Fundi akatokea dirishani, mkono kwenye plasta, kifurushi cha Bibi kimebanwa kwapani. Hakuja kunitafuta mimi, maana alijua nimeondolewa. Alikuja kujaribu bahati yake kwa mtunza stoo mpya. Alimtazama Kanuni, akanitazama, akaanza kugeuka aende zake.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikampa kisu chake, nilichokuwa nimekitoa stoo kwa saini yangu. Akakipokea kwa kushoto, akakiangalia, akanirudishia.

"Kaa nacho, mwanangu. Kiatu chako kikifungua mdomo, ukate ngozi mwenyewe. Nitakuelekeza."

Nililia pale pale, na sare mwilini. Nikamwambia kuhusu dakika kumi. Akasema alizihesabu.

Kanuni alikuwa bado amesimama na kalamu. Akanyoosha mkono dirishani, akakichukua kifurushi, akakifunga kadi, akaandika saa na jina la mwenye mali. Kwenye safu ya kesi akasita.

"Afande," akaniita, ingawa sikuwa tena na cheo cha kuitwa hivyo, "hii kesi yao haijafungwa?"

"Bado."

Akainama akaandika.