Kibuyu cha Rogathe

Siku ya tatu tangu watoke Msangeni mlimani, Rogathe aliketi kwenye vumbi la tambarare ya Kisiwani akasema hasogei tena. Alikuwa ameweka nadhiri kwamba mama yake akipona, atakwenda kwa miguu mpaka kanisa la Gonja kushukuru. Mama alipona. Sasa midomo ya Rogathe ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Kibuyu chako kina nini?" aliuliza mama Koleta, mwenzake wa safari, aliyekwisha kuipita njia hiyo mara nne.

"Asali ya sadaka. Nilijua maji yatakuwa njiani."

"Watu wa mlimani bwana. Mnadhani kila njia inakatizwa na mfereji." Akampa maji yake. "Lowesha mdomo kwanza, usigugumie. Mbele kuna kisima, lakini ukifika utachotea nini?"

Rogathe aliinuka, wakaendelea. Walipofika kisimani, aliwamiminia asali yote wanawake waliokuwa wakinywesha mbuzi, akasuuza kibuyu, akajaza maji.

Jioni ya kesho yake, kanisani Gonja, aliweka kibuyu kati ya sadaka za wengine. Kilikuwa na maji kidogo yaliyobaki. Hakuwa na kingine, na alikuwa amechoka mno hata hakuona haya.