Komeo la Mkwe

Mambo yote ya yoti ile Bi Mboni angeyavumilia, isipokuwa mlango mmoja. Mawimbi alishayazoea kufikia siku ya tisa. Choo cha kupampu kwa mkono alikizoea huku akikilaani. Lakini ule mlango wa mbao wa chumba cha mbele, hatua sita tu kutoka kitandani kwake, ulimnyima raha kuliko bahari yenyewe, kwa sababu nyuma yake alilala mkwewe.

Kwao Kisarawe ukwe si jambo la mchezo. Mama mkwe haingii chumba cha mume wa bintiye, hali naye sahani moja, jina lake halitamki, na akimkuta kifua wazi anageuza njia. Nchi kavu hilo halina taabu. Hata alipokwenda kumtembelea bintiye kwenye nyumba yao ya Sofu, pale Kibaha, mkwewe, Faraji, alikuwa anakohoa getini, na mpaka afike barazani Bi Mboni keshajitanda khanga, keshahamia uani. Sasa mtu akohoe wapi, na mwenzake ahamie wapi, ndani ya chombo cha mita kumi na moja?

Chombo chenyewe si chao. Faraji alikuwa fundi wa mashine Kibaha kabla ya kuajiriwa na wazee wawili wa Kizungu waliokuwa wakizunguka na yoti yao. Wazee walipoanza kuugua wakarudi kwao, wakamwachia akitunze na kukihamisha kisiwa hadi kisiwa kufuata hali ya hewa. Akaingia na mkewe, Firdausi, wakaishi humo mwaka wa pili sasa: Mafia, Songosongo, Kilwa, kisha kurudi walikotoka. Firdausi mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilipofika mwezi wa saba, Bi Mboni akafunga safari kumfuata, maana kwao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake.

"Twende wote mpaka Kilwa, mama," Firdausi alimbembeleza. "Nikishuka hapo tunapanda basi mpaka nyumbani."

Akakubali, roho ikisita. Mle ndani maneno yote yalipitia kwa Firdausi. "Firdausi, mwambie mama asikanyage hiyo kamba." "Firdausi, muulize mwenzio kama chai imekolea sukari." Watu wawili wangeweza kupeana mikono bila kuinuka, na bado salamu ikisha, shikamoo na marahaba, kila mmoja aliongea na binti. Faraji alikwenda mbali zaidi. Kabla ya mama kupanda, alinunua komeo kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Mkuza, akalifunga kwa ndani, mama asije akafungua ule mlango kwa bahati mbaya. Bi Mboni alipoelezwa alifurahi kwelikweli.

"Umeolewa na mtu aliyelelewa," alimwambia bintiye.

Siku hiyo ya tisa walitia nanga asubuhi kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu, baada ya kupigana na upepo wa mbele siku mbili usiku na mchana. Faraji alikuwa hajafumba macho. Alikula, akaenda chumbani, komeo likalia. Jenereta ilikuwa inanguruma ikichaji betri, na feni ya chumbani inazunguka. Firdausi akateremka kwenye boti ya mpira kwenda ufukweni, maana juu ya kilima cha mchanga simu ilishika mtandao, naye alitaka kumuuliza muuguzi wa kliniki kuhusu miguu yake iliyovimba.

"Narudi sasa hivi, mama."

Bi Mboni akakaa juu akimenya muhogo. Aliiona boti ikifika, akamwona bintiye akipanda kilima taratibu, akashuka, akaanza safari ya kurudi. Katikati ya njia mashine ya boti ikakohoa mara mbili, ikazima.

Akamwona Firdausi akivuta kamba ya kuwashia. Akavuta tena. Akavuta tena. Maji yalikuwa yanakupwa, na pale yalikuwa yanatokea kwenye upenyo mmoja tu kati ya miamba, kuelekea bahari kuu, mahali mawimbi yalipokuwa yanapasuka meupe. Boti ilikuwa inakwenda huko. Firdausi akashika kasia, akapiga upande mmoja, boti ikazunguka tu. Kasia la pili lilikuwa miguuni pa Bi Mboni. Faraji alilileta juu jana alitengeneze mpini.

Firdausi akasimama, akavua khanga ya mabegani, akaipunga.

Bi Mboni akaruka wima. Kisu kikamdondoka. Redio ya kuombea msaada ilikuwepo, lakini hakujua hata pa kubonyeza. Wa kumfundisha alikuwa Faraji, na Faraji angemfundishaje bila kumsogelea? Akashuka ngazi mbio mpaka mlangoni. Mlangoni akasimama.

Akakohoa.

Ndiyo, alikohoa. Mwanawe anachukuliwa na maji, naye amesimama anakohoa kwa adabu na kusubiri mwanamume ajisitiri. Akakohoa mara ya pili, akajitanda khanga vizuri. "Mkwe," akaita, kwa sauti ya mtu anayeomba kupita. "Mkwe wangu, samahani." Jenereta ikamjibu. Akapanda juu kuangalia. Boti ya mpira ilikuwa imekuwa ndogo, na khanga bado inapungwa. Akashuka tena, akachukua sufuria na kuligonga kwa mwiko, huku mgongo wake umeuelekea mlango, asije akafungua ghafla wakatazamana.

Hakutoka mtu.

Akaweka mkono kwenye kitasa, akauondoa. Marehemu mama yake angesemaje? Akauweka tena, akafumba macho, akasukuma. Mlango haukufunguka. Lile komeo la Mkuza lilikuwa limeshika barabara.

"Faraji!" Jina likamtoka kwa nguvu iliyomuumiza koo. "Faraji! Firdausi anakufa!"

Alipiga mlango kwa ngumi, kwa kiwiko, kwa sufuria. Kisha akakumbuka kidirisha cha paa. Kilikuwa juu ya kitanda chao, kimeachwa wazi kwa ajili ya hewa, na Firdausi alikuwa amekitundikia kitambaa tangu siku ya kwanza ili mama awe huru kupita. Bi Mboni akapanda, akatambaa kwa magoti hadi mbele, akachota ndoo ya maji ya bahari, akakinyofoa kile kitambaa. Akatazama ndani. Alimwona mkwewe kama alivyo, akammwagia ndoo nzima usoni.

Faraji alitoka na bukta, anachuruzika, macho mekundu. Alichungulia pande zote. "Firdausi, mwambie mama..." akaanza, kisha akaona kidole cha Bi Mboni kinakoelekea.

"Mashine imezima," Bi Mboni akamwambia, macho kwa macho. "Kasia moja. Nifanye nini?"

"Shika usukani, mama. Huu hapa. Nikipunga kulia, zungusha kulia."

Injini ikawaka, yeye akakimbilia nanga. Bi Mboni, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuendesha hata baiskeli, alishika lile gurudumu la chuma kwa mikono yenye maji ya muhogo na kuufuata mkono wa mkwewe kupita kati ya miamba. Alilia kwa sauti njia nzima na hakuona aibu. Walimkuta Firdausi amelala kiubavu ndani ya boti iliyojaa maji, ameng'ang'ania kamba za pembeni, na wimbi moja jingine lingeipindua. Faraji alirusha kamba mara tatu ndipo ikafika.

Walipompandisha alikuwa amekumbatia tumbo. "Tumbo limepiga ukingo," alisema. "Mama, hachezi. Tangu muda ule hachezi."

Faraji akakielekeza chombo Kilwa, injini ikivuma hadi mwisho. Bi Mboni alimlaza binti kwenye benchi, akamfunika, akaweka kiganja juu ya tumbo lile baridi. Hakuna kitu. Alisubiri. Hakuna kitu.

"Nilipunga mpaka mkono ukafa ganzi," Firdausi akasema. "Nikajua hujaniona. Uliniona saa ngapi, mama?"

Angeweza kudanganya. Faraji aliyekuwa usukanini asingemsuta, wakati ule alikuwa amelala.

"Nilikuona mashine ilipozima," Bi Mboni akasema. "Nilisimama mlangoni kwenu. Nakohoa."

Firdausi alimtazama. Akautoa mkono wa mama yake tumboni, akageuzia uso ukutani. Bi Mboni akabaki na mkono wake mapajani, hajui auweke wapi. Alijisikia kufa. Injini ilivuma, kisiwa kikazama nyuma.

Halafu Firdausi, bila kugeuka, akapapasa nyuma yake, akaushika ule mkono, akaurudisha. "Weka hapa," alisema. "Upande wa kushoto. Bonyeza kidogo."

Kitu kikasukuma kiganja. Kidogo sana, kikatulia, kikasukuma tena kwa nguvu.

Bi Mboni akafungua kinywa kumwambia bintiye, mwambie mwenzio. Akakifunga. Akainua uso kuelekea usukanini.

"Faraji!" akaita. "Faraji, mwanao amecheza!"