Viatu Kwenye Oveni

Mama Telesphor alisema viatu ndivyo vilivyomponza yule mwanamke.

Aliyasema hayo akiwa amesimama mlangoni kwa Wakesho, kitenge amekikaza juu ya sweta, mkono mmoja kwenye fremu kana kwamba akiuondoa ghorofa nzima itaanguka. Kwa maelezo yake, mambo yalitokea Tottenham, hapa hapa London, kwa mtu anayesali kanisa moja na binamu yake. Mwanamke huyo alikuwa akiwashikia wenzake watoto, kama watu wanavyofanya. Mama huyu yuko zamu hospitali, yule anafagia maofisi. Wakaja wageni wawili, wapole, wenye vitambulisho shingoni. Wakakaribishwa chai. Wakanywa, wakaisifu. Wala hawakuuliza kitu. Wakati wa kutoka, mmoja akainama kuvaa viatu vyake, maana aliambiwa avue, akaviona vile vidogo vilivyopangwa ukutani. Akasema: "Una familia kubwa."

"Halafu?" Wakesho aliuliza.

"Halafu nini, mwanangu? Mwanamke hana mtoto hata mmoja!" Mama Telesphor alipiga makofi. "Haikupita wiki, polisi. Sijui walimfunga au walimrudisha kwao, hapo binamu yangu hakumalizia. Simu ilikatika."

"Polisi kweli? Kwa kushika mtoto?"

"Mimi nakwambia nilichoambiwa. Sheria ya hapa, ukipokea hata hela ya sabuni kwa mtoto wa mwenzio, akishinda kwako, sharti uandikishwe. Wewe shika tu. Ila macho ninayo." Akatazama chini, kwenye zulia la mlangoni, kisha akaburuta ndara zake kurudi kwake, mlango wa pili.

Wakesho naye alitazama. Palikuwa na viatu vyekundu vya Shiku, vya ukanda wa kubandika. Palikuwa na mabuti ya mvua ya Eddie, yenye macho ya chura. Wote wawili aliwashikia mama zao wakiwa kazini; yeye na mumewe Lawrence hawakuwa bado wamejaliwa mtoto.

Alivibeba vyote kifuani. Akafungua oveni, ambayo tangu wahamie Thamesmead haijawahi kuwashwa, ilikuwa kabati la sufuria tu, akavisukuma nyuma ya sufuria ya ugali. Akaifunga taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Sebuleni watoto walikuwa wamenyamaza. Shiku alikuwa amenyoosha mkono.

"Haya, Shiku."

Shiku aliomba maji, kwa Kiingereza. Kiswahili alikisikia chote, ila hakikuwahi kumtoka mdomoni. Kunyoosha mkono alifundishwa na Wakesho, kama Wakesho alivyofundishwa kwao Wundanyi, Kenya, kwenye shule ambako elimu yake iliishia darasa la nane. Hapa, mbele ya kochi, alikuwa na darasa la watu wawili. Vizibo vya chupa za maziwa, vya buluu, vya kijani na vyekundu, ndivyo vilikuwa hesabu. Sinia la unga ndilo lilikuwa ubao. Eddie alipoandika herufi yake ya kwanza kwenye unga na kukataa isifutwe, walikula wali siku mbili, unga usiguswe.

Tangu siku hiyo ya Mama Telesphor, viatu vilikuwa vikivuliwa mlangoni na kwenda moja kwa moja kwenye oveni. Wakesho aliacha kuwapeleka watoto ziwani kuwatazama bata. Wimbo wa kuhesabu waliuimba kwa kunong'ona. Lifti ikisimama kwenye ghorofa yao, alikuwa akiacha alichoshika na kusikiliza nyayo zinakwenda wapi, na mara nyingine, nyayo zikishapita, alijikuta amemshika Eddie mkono mpaka Eddie anauvuta.

Miadi ya chuo, ya kuulizia kozi ya ualimu, aliipata kabla. Angesikia habari za Tottenham kwanza, asingethubutu kuiomba.

*

Alikwenda siku ambayo Njeri, mama yake Shiku, alikuwa na mapumziko, na Eddie yuko kwa shangazi yake. Alifanyishwa mtihani mdogo wa Kiingereza na hesabu, kisha akaitwa kwenye chumba chenye meza moja na kikopo cha klipu za karatasi, za rangi.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kitambulisho, kimening'inia shingoni kwa utepe wa zambarau. Nyuma ya kitambulisho alikuwapo mama wa Kihindi, miwani ameipandisha kwenye nywele. Jina lake Ushma.

"Wewe natoka Kenya?" Uso wake ukang'aa. "Baba yangu zaliwa Kisumu! Sasa sisi nakaa Stanmore. Kaa. Kaa hapa. Ngoja."

Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru, kile bibi yake alichokuja nacho Uingereza pamoja na masufuria: kaa, ngoja, lete, angalia. Wakesho alijua maneno hayo zamani yalikuwa yakisemwa kwa nani. Lakini mama huyu aliyasema kwa furaha ya mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba ya utotoni. Akakaa.

Yaliyobaki Ushma aliyasema kwa Kiingereza, polepole. Alitandaza karatasi mezani. Ualimu wenyewe, wa kusimama mbele ya darasa, unataka digrii. Ni mbali, lakini watu hufika. Hii ni kozi ya msaidizi wa mwalimu: siku mbili uko chuoni, siku nyingine uko shuleni na watoto wenyewe. Hii ni ya nasari, ndefu zaidi. Na hizi, Kiingereza na hesabu, atazihitaji apende asipende.

"Naweza kusoma hizi pamoja na ya msaidizi?" Wakesho aliuliza. Swali hilo alikuwa amelifanyia mazoezi ndani ya basi, midomo imefungwa.

"Unaweza. Mtihani wako si mbaya hata kidogo. Ila shule haitakuingiza darasani mpaka watu wawili waandike kwamba wanakujua. Mmoja awe mchungaji wako, sawa. Wa pili awe amekuona ukifanya kazi na watoto, hapa London. Umefanyia wapi?"

"Nimelea wadogo zangu. Nyumbani."

"Vizuri. Na hapa?"

Kalamu ya Ushma ilikuwa hewani. Wakesho aliitazama ncha yake. Aliona viatu vyekundu, aliona mabuti yenye macho, aliona chai inasifiwa.

"Hapa, hapana."

Kalamu haikuandika. Ushma alikuwa akitazama meza, na Wakesho alipofuata macho yake akaona alichofanya. Klipu zilikuwa nje ya kikopo. Zilikuwa zimepangwa mbele yake, rangi kwa rangi, mafungu ya tano tano, yenye nafasi katikati ya kutosha kidole cha mtoto. Hakukumbuka kuzigusa. Alizirundika haraka, moja ikaanguka, akashindwa kuiinamia.

Ushma alifungua droo akatoa karatasi nyingine, akaisukuma kwa kidole kimoja. "Hii ni ya kujiandikisha kulea watoto nyumbani kwako. Kuna mafunzo mafupi, kuna ukaguzi. Wako watu walioanza kushika watoto kwanza, wakajiandikisha baadaye." Akaweka kalamu chini. "Mimi si polisi, dada."

Hata polisi angesema hivyo, Wakesho aliwaza.

"Nafasi ya msaidizi nitakushikia mpaka Jumatatu. Ukikosa barua ya pili, anza na Kiingereza na hesabu peke yake. Huko hakuna atakayekuuliza kitu. Mwakani tutazungumza tena." Kisha akarudi kwenye Kiswahili cha bibi yake. "Usiogope."

Hiyo nayo ilikuwa amri, na katika zote ndiyo iliyokuwa ngumu kuitii. Wakesho aliondoka na karatasi zote isipokuwa ile ya mwisho.

*

Ijumaa jioni Eddie alikwisha kuchukuliwa. Njeri alifika na koti juu ya sare ya unesi, harufu ya dawa ya mikono ikamtangulia.

"Sasa, mami. Huyu mtu wangu amekula?"

"Amekula mpaka amelamba sahani."

"Viatu viko wapi, tutoroke?"

Shiku alinyoosha mkono. Njeri alicheka. "Hata mimi nanyooshewa mkono! Haya, sema." Shiku akasema viko kwenye oveni.

"Ati wapi? Wakesho, unataka kunipikia viatu?"

Wakesho hakucheka. Alieleza habari za Tottenham, kwa sauti ya chini, jicho likiwa kwenye ukuta wa jirani.

"Mama Telesphor?" Njeri alisema. "Huyo akikwambia mvua inanyesha, toka nje kwanza uangalie."

"Labda ya polisi ni chumvi. Sheria si chumvi."

"Hiyo ni kweli," Njeri alisema, taratibu kidogo.

Ndipo Wakesho alipomweleza habari za chuo. Njeri alimkumbatia, funguo zikalia mkononi. "Aki nilijua! Si nilisema wewe ni ticha? Huyu anajua kusoma jina lake, na kule nasari wanampa tu rangi za kupaka."

"Wanataka barua. Ya mtu aliyeniona na watoto."

"Si uandikiwe na…" Njeri akamtazama binti yake, akarudisha macho. "Mimi?"

"Sina mwingine. Mama Eddie karatasi zake mwenyewe za kuishi hapa bado."

"Nikiandika, watauliza ni tangu lini. Watauliza nilikuwa nakupa nini. Wakesho, mimi nina namba ya usajili wa unesi. Wakiniita nijieleze…"

"Najua."

"Si tuseme ulikuwa unamshika kanisani? Darasa la Jumapili?"

"Barua ya kwanza ni ya mchungaji, Mama Shiku. Yeye anajua nani hufundisha huko."

Njeri alicheka kidogo, bila furaha, akajifuta paji la uso.

Wakesho aliingia jikoni. Alisogeza sufuria ya ugali, akatoa viatu vyekundu. Alitembea navyo mpaka mlangoni, akaufungua mlango wazi, taa ya korido ikajiwasha. Akaviweka juu ya zulia, mahali pake pa zamani, ncha zikitazama nje. Akakaza leso kiunoni.

"Ukikataa sitakasirika," alisema. "Nitaanza na Kiingereza. Jumatatu mlete Shiku kama kawaida, nitavificha tena. Lakini niandikie. Usiongeze kitu. Andika ulichokiona tu."

Njeri alipiga magoti kwenye zulia. Alichukua kiatu kimoja, akabandua ukanda wake, *krrr*, akaubandika tena, akaubandua. Mlango wa pili, wa Mama Telesphor, ulifunguka upana wa jicho. Taa ya korido, ambayo huzima yenyewe mtu asipotembea, ikazima.

Shiku, amesimama kwa mguu mmoja, bega kaliegemeza kwa mama yake, alinyoosha mkono. Akangoja atajwe. Akaunyoosha juu zaidi, mpaka ncha za vidole, na hakuna aliyemwita.