Ubao wa Mwisho Kabla ya Saruji

Tarehe 13 Agosti, 2019. Asubuhi hiyo upepo wa baharini ulileta ukungu na mvua nyepesi ya baridi, nikavaa sweta katikati ya kiangazi.

Nilifika hekalu la Renjaku saa kumi na mbili, kikapu changu kimejaa matango na biringanya. Hiyo ndiyo siku wanayorudi wafu nyumbani. Tango tunalichomeka vijiti vinne, linakuwa farasi wa kuwaleta mbio. Biringanya linakuwa ng'ombe wa kuwarudisha taratibu, maana hakuna anayewafukuza.

Hekalu letu ni majengo mawili. Mbele kuna ukumbi wa mbao wa miaka mia tatu, wenye giza na harufu ya ubani. Nyuma kuna jengo la saruji na vioo lililomalizika miaka mitatu iliyopita, na ndani ya kuta zake ndimo yalimopangwa majivu ya wafu. Ukigusisha kadi ya ukoo wako, mashine inanguruma, mmojawapo wa milango midogo unafunguka, na sanduku la mtu wako linakuja lenyewe mbele yako. Majengo hayo yameunganishwa na ujia wa vioo. Mbao za kale zinaingia humo hatua kumi hivi, kisha zinakoma na saruji inaanza.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya madhabahu, nasali, niliposikia ubao unalia karibu yangu. Mbao za ukumbi wetu hulia zikikanyagwa, hata na paka. Hatua zilikuwa nyepesi. Zilianzia chini ya madhabahu, zikanipita, zikaingia kwenye ujia, zikaenda mpaka ubao wa mwisho. Hapo zikasimama. Upande wa saruji mashine ikanguruma. Mlango wa tatu ukafunguka bila kadi ya mtu yeyote, na sanduku namba arobaini na moja likaja, likakaa pale likingoja.

Baada ya muda hatua zikarudi zilikotoka. Mlango ukajifunga.

Hiyo ilikuwa siku ya nne mfululizo. Niligeuka kutazama tu; sikuwahi kuzifuata hata mara moja.

Mtawa Ryogen, mkuu wa hekalu, aliingia akikung'uta mwavuli. Alifuatana na Mzee Gonpei, seremala aliyeunga mbao zile na saruji.

"Fundi wa mashine amekuja mara mbili," alisema Mtawa. "Anasema haina kasoro."

"Na mbao zangu hazina kasoro," alisema Mzee Gonpei. "Basi labda kuna panya amepewa kadi."

"Mzee, usifanye mzaha. Jana Mama Hatsuyo alikimbia bila viatu."

"Yule? Yule anakimbia hata mkia wa paka wake mwenyewe."

Mtawa hakucheka. Alisema watu wameanza kuogopa kuja kuwaona wafu wao, na kwamba amekwisha kuamua. Baada ya sala ya mchana angelichukua sanduku arobaini na moja na kuyamwaga majivu yake katika shimo la pamoja nyuma ya hekalu. Majivu yakiingia humo yanachanganyika na ya maelfu wengine. Baada ya hapo hakuna tena wa kukuita kwa jina lako.

"Huyu hana ndugu wa kuulizwa," alisema. "Bibi Kinue, wewe ndiye kiongozi wa akina mama. Unaonaje?"

"Kama Mtawa anavyoona," nilijibu. Kijiti kilivunjikia ndani ya tango mkononi mwangu.

Nililijua sanduku lile. Zamani masanduku yote yalikaa chini ya madhabahu. Kwetu mfu hahamishwi kama kabati; huambiwa kwanza. Siku ile ya kuhama, kila ndugu alisimama mbele ya sanduku lake akatamka jina la mfu alilopewa na hekalu, akasema, "Tunahama, nifuate." Wale wasio na ndugu tuligawiwa sisi waumini. Mimi nilipewa kumi na mmoja.

Mimi nilikuwa sijui kusoma majina yale. Nilizaliwa mwaka vita vilipoisha, na utotoni nilibeba wadogo zangu mgongoni wakati wenzangu wakibeba vitabu. Nilijua herufi nyepesi tu, na majina ya wafu huandikwa kwa zile ngumu. Kwa hiyo nilimwomba Mtawa anisomee majina siku moja kabla, nikayakariri usiku kucha. Asubuhi nilikumbuka kumi. La kumi na moja lilikuwa limetoweka. Nilisimama mbele ya sanduku, watu wote wako nyuma yangu. Nikainama, nikanung'unika upepo mtupu, nikapita. Wakalibeba sanduku. Mwenyewe hakuambiwa.

Wiki iliyofuata nilijiandikisha katika shule ya jioni. Sikumweleza mtu sababu.

Mchana walikuja watu kama sabini, nguo zao zimelowa. Tulijazana kwenye ujia, na pumzi zetu zikatia ukungu kwenye vioo vyote. Mtawa alisimama upande wa saruji, amelishika sanduku lililofungwa kitambaa cheupe. Nilisali kimya, nikiomba nipewe mdomo wa kusema. Ndipo mbao zikaanza kulia.

Watu walijibana ukutani na kuziacha hatua zipite. Mtoto mmoja alianza kulia, mama yake akamziba mdomo. Hatua zilifika ubao wa mwisho, zikasimama.

"Mtawa, ngoja!" nilisema. "Usimmwage. Kosa ni langu. Mimi sikumwita."

"Hukumwita vipi, Bibi?"

"Sikujua kusoma jina lake. Nikaona aibu."

Mama Hatsuyo alidakia, "Hukujua kusoma? Si wewe unayetuongoza kusoma vitabu vya sala?"

"Naongoza kwa kukariri. Kitabu nilikuwa nakishika tu. Kuna mwaka nilikishika juu chini, wala hamkuona."

"Mimi niliona," alisema Mzee Gonpei polepole. "Nikadhani ni uchaji."

Hakuna aliyecheka. Uso ulinichoma, lakini miguu ilinipeleka mpaka mbele ya Mtawa. Nilisoma kibandiko cha sanduku kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine, kama tulivyofundishwa shuleni. Keisetsu. Na mwisho wa jina, neno wanalopewa watoto wa kike waliokufa wadogo.

Nilikuwa sijui kama ni mtoto.

Niligeuka. "Keisetsu," niliita. "Tunahama. Nifuate."

Ubao wa mwisho ulilia. Kisha ukalia wa nyuma yake. Alikuwa anarudi gizani! Nikaelewa kwamba mtoto hafuati sauti ya mtu asiyemjua. Nilipiga magoti pale mbao zinapokutana na saruji.

"Mimi naitwa Kinue," nilisema. "Nilipita mbele yako nikakuacha peke yako miaka mitatu. Nisamehe, mwanangu. Huna ndugu, basi ndugu yako ni mimi. Njoo."

Saruji hailii, kwa hiyo hatukusikia kitu. Lakini Mzee Gonpei alinyoosha mkono kuelekea kioo. Kwenye ukungu wa kioo, kimo cha kiuno changu, mstari ulikuwa unajichora, kama wa vidole vya mtu anayepapasa ukuta asipotee. Ulipita mwisho wa mbao. Ulikuja taratibu, maji yakichuruzika chini yake, ukasimama sambamba nami.

Nilipoinuka, kitu baridi kikaingia katika kiganja changu, kikashika vidole viwili.

Mtawa aliliweka sanduku mahali pake kwenye mlango wa tatu. Mashine ilinguruma, likaenda, mlango ukajifunga. Vidole havikuniachia. Watu wote walikuwa wananitazama mkono, ulivyokuwa umening'inia pembeni, umevutwa kidogo kuelekea chini.

Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Mbele ya Mtawa Ryogen, mbele ya Mzee Gonpei na ninyi nyote, naahidi. Kila mwaka tarehe hii nitakuja na farasi wako, nikuite kwa jina lako. Na siku nitakapokufa, majivu yangu yawekwe namba arobaini na mbili, ubavuni mwako, na mkono huu sitauachia."