Miti Kumi na Miwili Nyuma ya Asanasio

Jumanne saa tatu asubuhi, katika banda la mabati nyuma ya kituo cha afya, kwenye njia ya kutoka Bwera kwenda Karambi, watu kumi na tisa walikuwa wameketi kwenye mabenchi wakivuta pumzi kwa hesabu. Muuguzi Ketura alisimama mbele yao akihesabu kwa vidole: nne za kuingiza, nne za kushikilia, sita za kutoa. Lilikuwa kundi la wenye msongo wa mawazo, lakini wenyewe waliliita kundi la pumzi, maana hakuna anayependa kuwaambia wakwe zake kwamba kila Jumanne anakwenda kwenye msongo. Benchi la mwisho aliketi Asanasio, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nyuma yake, katika mstari ulionyooka, ilisimama miti kumi na miwili ya mpaka, mizizi nje, ikimsubiri amalize.

Ketura alikwisha kuizoea. Mara ya kwanza alihesabu vichwa vyote akaandika thelathini na mmoja, kisha akafuta akaandika kumi na tisa, kwa sababu fomu ilitaka wagonjwa tu.

Miti yenyewe ni ile inayojulikana na kila mkulima wa huku: shina jembamba, majani marefu kichwani, haifi kwa jua wala kwa mbuzi. Hupandwa mahali shamba moja linapokutana na jingine, na hupandwa na watu wawili. Jirani mmoja hushika mche juu, mwenzake huushika chini, udongo hukanyagwa kwa miguu minne, kisha wote wawili hunywa juisi ya ndizi kutoka kibuyu kimoja. Hivyo ndivyo Asanasio na Katembo walivyoipanda mwaka ule Katembo alipokuja kutoka Butembo na mkewe Geneviève, ambaye majirani walimwita Mama Alliance, na kupata shamba la kando. Lugha yao ya mlimani ilikuwa moja, waliitana ndugu, na hakuna aliyewauliza undugu huo umeanzia wapi.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, Katembo alifariki. Geneviève akaisindikiza maiti ya mumewe hadi kwao Butembo, barabara ikafungwa kwa sababu ya vita, akakwama huko miezi miwili. Siku moja ya mvua, saa kumi jioni, watu wakiwa wamejikunyata majumbani, Asanasio alichukua jembe, akaing'oa miti yote kumi na miwili, akaihamishia hatua nane ndani ya shamba la marehemu. Hakuwa na njaa. Mtoto wake pekee, binti yake Medius, aliolewa Rukoki na hakuwa na haja ya shamba la Karambi. Aliona tu kwamba inawezekana, akafanya.

Tukiliweka kando kosa lenyewe, alifanya na jingine la ufundi. Angekata vipandikizi vipya, vingetulia ardhini bila maneno. Yeye alitumia ile ile iliyoshikwa na mikono ya watu wawili, akaipanda peke yake, bila kibuyu, akitazama huku na huku. Miti ya namna hiyo haikamati udongo.

Geneviève aliporudi alisimama shambani kama muda wa kusali Salamu Maria tatu. Aliona maharage yake yako upande wa pili. Aliona na kile kichaka cha mchaichai alichokipanda mwenyewe miaka mingi nyuma, nacho kiko upande wa pili. Kisha akamwona Asanasio barazani kwake, akamsalimia vizuri, akamuuliza hali ya nyumbani, akaingia ndani kwake. Mgeni ni mgeni hata akikaa miaka ishirini, na mwenyekiti wa kijiji, Jonan, alikuwa amemwoa dada yake Asanasio.

Laiti angemtukana. Salamu ile ilimkaa Asanasio kifuani na moyo ukaanza kumwenda mbio hata akiwa amekaa. Alikwenda Kasese kupimwa, akaambiwa moyo wake ni mzima kama wa kijana. Ndipo alipofika kwa Ketura, na Ketura akampa mambo matano yasiyo na kidonge: kuvuta pumzi kwa hesabu, kutembea kila asubuhi, kushika udongo kwa mikono, kunywa maji ya mchaichai kabla ya kulala, na la tano, kumwambia mtu unayemwamini kile kinachokukaa moyoni.

Asubuhi ya kwanza ya kutembea, miti ilimfuata. Ilitoka ardhini bila kelele, ikajipanga, ikawa nyuma yake hatua nane. Akisimama, nayo husimama. Akigeuka kuikemea, huinamisha majani kama wanafunzi wake wa zamani, kisha huendelea. Watu waliokutana naye barabarani walimsalimia yeye, wengine wakaisalimia na miti, na wenye pikipiki walipunguza mwendo wasiikanyage mizizi. Hakuna aliyeuliza. Hicho ndicho kilichomtoa jasho Asanasio, kwamba hakuna aliyeuliza.

Jioni miti ilirudi shambani ikasimama pale ilipokuwa zamani, penye mpaka wa haki, na alfajiri ikamngoja mlangoni. Jambo likafika kwa Jonan kwa kuwa miti ilikuwa imepita katikati ya harusi. Jonan aliitisha kikao, akasikiliza, akatoa uamuzi kwa uso mkavu. Mti wa mpaka, alisema, ni ule unaokaa mahali pamoja. Huu wa shemeji yake unatembea, basi hauwezi kutoa ushahidi, na kwa kuwa mpaka haujulikani tena, kila mtu abaki na anacholima sasa. Geneviève alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake. Aliulizwa kama ana neno, akasema hana.

Asanasio alikimbilia Rukoki kwa Medius, apumzike wiki mbili. Alipanda gari, na kwa siku mbili alilala kama mtoto mchanga. Siku ya tatu miti iliwasili kwa miguu, vumbi la njia ya mbugani hadi majanini, miwili ikiwa imetafunwa vichwa na tembo. Medius aliinywesha maji, akaipangusa kwa kitambaa mmoja mmoja, akaisogeza kivulini. Baadaye alikuja kukaa karibu na baba yake.

"Baba," alisema, "hii miti iko ya kwetu peke yetu?"

Asanasio alimjibu kwamba daktari amemkataza mazungumzo mazito. Medius alikuwa mtoto mwenye adabu, hakurudia, ila chakula cha jioni alimwekea babaye mezani akaenda kula jikoni. Kesho yake Asanasio akarudi Karambi, miti ikafika siku tatu baadaye.

Mambo manne aliyafuata kwa bidii ya mwalimu. Alivuta pumzi hadi akapata kizunguzungu. Alipalilia kwa mikono mitupu. Kila jioni alikata mchaichai kwenye kile kichaka, akauchemsha, akaunywa ukiwa wa moto, na harufu ilipopanda alijua imetoka wapi na usingizi ukakatika. Wenzake wa kundi walikuwa wanapona mmoja mmoja. Mama mmoja aliyekuwa hawezi kukaa chumba kimoja na sauti ya mlango sasa alikuwa anaimba kwaya. Ketura alisema, kwa upole, kwamba lililobaki ni lile la tano.

Jumapili baada ya misa Geneviève alibisha hodi. Alikuwa amekonda, kitenge kimemzidi. Hakukaa alipopewa kiti.

"Shemeki," alisema, "niko naomba tu mayani kidogo ya ile sitroneli. Muganga Ketura amesema inasaidia mutu mwenye halalake muzuri."

Asanasio alielewa kwamba anaombwa mchaichai na aliyeupanda. Alijua pia kwamba hakuna mwingine nyumbani, kwamba miti imesimama uani inasikiliza, na kwamba maneno yenyewe ya kuungama hayazidi matano. Aliona haya hadi masikio yakawaka. Akachukua kisu, akatoka. Alikata fungu kubwa, kubwa kuliko alilohitaji mtu mmoja, akalifunga kwa ukoka vizuri, akamkabidhi.

"Kuja wakati yote, Mama Alliance," alisema. "Mimi siwezi kukukataza."

Geneviève alilipokea kwa mikono miwili. Akamshukuru, akamwombea baraka kwa jina la marehemu mumewe, akaondoka kwa kuzunguka njia ya chini, asikanyage shamba. Asanasio alibaki na kisu mkononi. Katika maisha yake alikuwa amewahi kusema uongo na kupiga watoto wa watu bila sababu, lakini hakuwahi kujiona mdogo kama alivyojiona kwa ile asante.

Jumanne iliyofuata Geneviève alikuja kwenye kundi kwa mara ya kwanza. Nafasi ilikuwa benchi la mwisho tu, kwa sababu watu hawakupenda kukaa karibu na mizizi, udongo ulikuwa unawachafua. Akaketi kando ya Asanasio. Baada ya pumzi Ketura akachukua kalamu, akapita kwa kila mtu na yale mambo matano, na alipofika nyuma akauliza:

"Mzee Asanasio, ile ya tano umeshafanya? Umeongea na mutu?"

Banda zima liligeuka. Wote walijua, na wote walimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko fimbo. Asanasio alitamani ardhi ipasuke immeze. Alisema ndiyo.

Ketura akauliza ni nani. Asanasio hakuwa amejiandaa na swali hilo. Geneviève alikuwa anatazama viganja vyake.

"Alisema na miye," akasema Geneviève. "Juzi, kule kwake. Alisema na miye muzuri sana."

Watu wakapiga makofi. Ndiyo desturi ya kundi mtu akimaliza mambo yote matano, na Asanasio alikuwa amechukua muda mrefu kuliko wote. Naye akapiga makofi, kwa kuwa hakujua mikono aiweke wapi. Ketura akaweka alama, akageukia karatasi mpya, akamuuliza Geneviève na yeye la tano lake likoje. Geneviève akasema bado, huku hana mtu wa kumwambia.

Ketura akamwambia asijali, watu wapya wote huanza hivyo, na si lazima atafute mbali, jirani mwema anatosha. Akauliza kama huyu mzee si jirani yake. Geneviève akakubali, akasema ni shemeki yake. Ketura akaandika jina la Asanasio kwenye fomu ya Geneviève, mahali palipochapwa: mtu ninayemwamini.