Hema Halipigwi Pasi

Wazazi wenzangu, mtoto akiwaambia anapanda mlima na mumewe, msipoteze mate kumkataza. Kagueni mizigo. Mimi nilikataza tu, nikapuuzwa.

Binti yangu ni fundi cherehani, mumewe hupaka rangi nyumba. Mwaka jana waliishia nusu ya mlima, wakarudi wanachechemea kwa viatu vipya vilivyowachubua. Mtaa ukawacheka. Wifi yake akawabatiza "Wapanda Ngazi". Binti akaapa: safari hii kileleni, la sivyo hatautaja mlima tena maisha yake yote.

Wakanunua hema la mtumba, linanuka uvundo. Sasa fundi wa nguo akikuta uvundo atafanya nini? Akalifua kwa sabuni ya unga, akalisugua kwa brashi, akalipiga pasi ya moto mpaka likanyooka kama suruali ya bwana harusi. Mumewe akamsifia! Kumbe ule utando wa ndani unaozuia maji wameumaliza kwa mikono yao.

Jioni ya kwanza mlimani mvua ikashuka. Hema likawa chujio la chai.

"Mke wangu, turudi," mkwe akasema, meno yanagongana. "Mlima hauhami."

"Na dada yako, anahama?"

"Ufe kwa baridi kwa ajili ya mdomo wa dada yangu?"

"Sifi. Ile nailoni yako ya kazini iko wapi?"

Ilikuwa nailoni anayotandika sakafuni rangi isichafue. Aliibeba ya kukalia. Mkwe akatoa sindano aishone kwenye hema. Binti akampiga kikofi mkononi.

"Weka! Kila tundu la sindano ni mlango wa maji."

Akafunga kijiwe ndani ya kila pembe ya nailoni, akakaza kamba shingoni mwa vile vijiwe, nailoni ikatanda juu ya hema bila tundu hata moja. Nguo kavu zilikuwa ndani ya mifuko ya plastiki, Mungu ni mwema. Wakabadilisha, wakalala wamekumbatiana.

Wakaendelea kupanda. Siku waliyofika, simu ikalia nikiwa jikoni. Upepo unavuma, binti anapiga kelele:

"Mama, tumefika! Hakuna tena pa kupanda!"

Nyuma yake mkwe analia kama mtoto. Nikapiga vigelegele mpaka mboga ikaungua.

Lakini msidanganywe na vigelegele vyangu. Hema lisimamisheni uani, mlimwagie ndoo ya maji, mwingie ndani mkae. Mkilowa hapo, mtajikausha nyumbani.