Mchanga wa Kilima cha Skaar

"Anateleza," alisema Ardis Nygaard.

Dereva, Orlin Tveit, alishika wenzo wa nguvu. Alikuwa amekwisha kusikia kwa nyayo zake. Magurudumu yakishika reli, sakafu ya kichwa cha treni hunguruma; yakiteleza, hutetemeka kama mtu mwenye homa. Alipunguza nguvu, akabonyeza swichi ya mchanga, akangoja. Sakafu ikatetemeka tena.

Walikuwa katikati ya Kilima cha Skaar, na mabehewa ya ngano yalikuwa yamejipanga nyuma yao hadi bondeni. Panzi walikuwa wamejaa juu ya reli. Mwaka huo waliivamia Dakota Kaskazini bila huruma: walimaliza bustani, wakatafuna hata mipini ya majembe, na sasa walikuwa wakiota jua kwenye chuma cha moto. Kila walipopondwa, reli iligeuka utelezi mtupu. Dawa yao ilikuwa mchanga mkavu, unaomwagwa na mirija mbele ya magurudumu. Leo mirija haikutoa hata punje.

Orlin alifunga breki, treni ikasimama.

Reli ilikuwa mali ya ushirika wa wakulima, na Ardis alikuwa mwenyekiti wake. Wanachama walikuwa wamepewa nafasi ya kukodi kichwa kipya. Walibishana majira yote ya kuchipua, kisha wakakubaliana: Gudrun, kichwa hiki cha zamani, apandishe treni nzima ya mavuno kwa safari moja, bila kuikata mafungu. Akiweza, abaki. Asipoweza, auzwe kwa wakata vyuma chakavu. Ardis alipanda ili ashuhudie.

Jina la Gudrun lilitoka kwa dereva wa kwanza, aliyemkumbuka kwalo mama mkwe wake. Wote wawili, alisema, walinguruma mchana kutwa na hawakujua kuchoka. Katika ujana wake Gudrun alivuta mabehewa ya abiria. Abiria walipohamia kwenye magari yao, alivuta makaa, viazisukari, na mwishowe ngano peke yake. Majira ya baridi hakuzimwa kamwe, kwa kuwa maji ya tumboni mwake yangeganda na kumpasua. Alinguruma uwanjani tangu jalidi ya kwanza hadi theluji ilipoyeyuka, na mji mzima ulilala kwa mngurumo huo. Vijana waliohamia Minneapolis waliandika nyumbani kwamba usingizi hauji; kimya kimezidi.

Orlin alishuka, akapanda ngazi ya mbele, akafunua kisanduku cha mchanga. Aliingiza mkono. Ulitoka na tope.

Aliukung'uta.

"Ni mimi," alisema. "Jana nilimwosha. Kumbe kifuniko sikukikandamiza."

"Umwoshe siku moja kabla ya kazi? Kwa nini, Mzee Orlin?"

"Si ulikuwa unakuja wewe."

Ardis alitazama pembeni. Rangi ya Gudrun ilimetameta; hata herufi zilizofifia ubavuni zilikuwa zimesuguliwa.

"Tunaweza kuikata," alisema polepole. "Nusu sasa, nusu baadaye. Kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya. Ila wanachama walisema safari moja."

"Najua walichosema. Nilikuwa nimekaa mbele."

Mlango wa nyumba iliyo karibu na kivuko, pale barabara inapokatiza reli, ulibamizwa. Marvel Haugen alikuja mbio na ufagio mkononi, aproni ikipepea.

"Mna pikniki hapa?" aliita. "Nimemsikia anahema pale pale, nikasema leo kuna jambo."

Orlin alimweleza. Marvel alichungulia kisandukuni, akashika kiuno.

"Ee, mzee wewe! Bibi arusi huogeshwa, lakini si mpaka ndani ya masikio!"

"Nicheke tu, Marvel. Nimestahili."

"Nitakucheka Jumapili, kanisani, mbele za watu. Kuku wangu wana pipa zima la mchanga mkavu wa kudonoa. Ngoja niwapigie simu majirani."

Hakueleza kwa nini anajitaabisha, wote walijua. Mwanawe wa kwanza alizaliwa katika tufani ya theluji, barabara zikiwa zimezikwa, na daktari alifika akiwa ndani ya kichwa hiki, jembe la kusukuma theluji likiwa limefungwa mbele yake.

Malori madogo yalitokea mashambani, kila moja na vumbi lake. Watu walishuka na mafagio na makopo ya kahawa, wakajaza makopo kwenye pipa la kuku, wakajipanga kandokando ya reli. Kisha wote wakamgeukia mwenyekiti.

Ardis aliikunja midomo, akafikiri.

"Masharti yalisema isikatwe," alisema. "Kuhusu mafagio hayakusema lolote." Akanyoosha mkono. "Nipeni kopo."

Orlin alirudi kwenye kiti chake. Aliachia breki na kuongeza nguvu kwa pamoja, kidogo kidogo, kama anayemwinua mgonjwa kitandani. Moshi mweusi ulipanda. Mbele, mafagio yaliwafukuza panzi na makopo yakanyunyiza mchanga. Sakafu ilitetemeka mara moja, ikasita, kisha ikanguruma.

"Anakuja! Tembeeni!"

Walitembea, na Gudrun alitembea nyuma yao.

"Taratibu, bibi! Uzee wote huo, haraka ya wapi?"

"Mwache, amesikia harufu ya kahawa ya Marvel!"

Orlin alicheka, macho yakamlowa, akayaacha. "Asante," alisema, na hakujua kama alikuwa akiiambia injini au ile migongo iliyoinama mbele yake.

Behewa la mwisho lilipovuka kilele, honi ililia: ndefu, ndefu, fupi, ndefu.

Ardis alikuwa amerudi kivukoni pamoja na Marvel, nywele zimejaa vumbi. Treni ilikuwa imepanda bila kukatwa, na hakuna aliyemuuliza kama Gudrun atabaki.

"Na kuku wako sasa watakula nini?" alimuuliza Marvel.

"Panzi," alijibu Marvel.

Ardis alicheka hadi akaegemea nguzo. Kisha alikusanya mchanga uliobaki katika kopo moja, akaliweka chini ya nguzo ya kivuko, upande usiofikiwa na mvua. Alipachika kifuniko. Akapiga magoti, akakikandamiza kwa viganja vyote viwili.